Nimeisakinisha mara tatu, bado injini haina nguvu

Shikamoo Fundi,

Kwa miaka miwili nimekuwa nikirusha ndege ndogo ya injini ya pistoni kwenye simyuleta, programu ya kompyuta ya kuiga urushaji wa ndege, nyumbani, nikaizoea hadi kuiwasha nikiwa nimefumba macho. Mwezi uliopita nilinunua ndege ya nyongeza ya turbopropu, yaani propela yake inazungushwa na injini ya turbini, na injini yenyewe ni moja ya aina ya PT6. Ni ile ya kina hasa: kila swichi inafanya kazi, kila fyuzi inachomoka, na watengenezaji wanasema mifumo imeigwa ilivyo kwenye ndege halisi.

Siku mbili za kwanza zilikuwa raha tupu. Siku ya tatu nilikuwa chumba cha rubani nikijifunza swichi, nikaitwa, nikaiacha ilivyo, betri imewashwa na taa zote zinawaka. Nikarudi baada ya kama saa nzima nikaiwasha. Injini ilizunguka kwa uvivu. Nikafungua mafuta, na mshale wa ITT, geji ya joto la gesi ndani ya injini, ukapanda, ukapita mstari mwekundu, ukakaa huko sekunde kadhaa ndipo ukashuka. Injini iliwaka, nikaona yamepita, nikaruka.

Tangu hapo ndege si ile. Nikisukuma leva ya nguvu hadi mwisho, kama nilivyozoea, ITT inagonga nyekundu mapema na torki, nguvu ya kuzungusha propela, haifiki ilikokuwa ikifika. Kupanda ni kwa kusuasua. Nikaiondoa na kuisakinisha upya. Hakuna kilichobadilika. Nimefanya hivyo mara tatu sasa.

Si hilo tu. Leva ya mafuta nikiisukuma mbele kwa kipanya inakaa kidogo, kisha inarudi nyuma yenyewe, na mara mbili injini imezima nikiwa naelekea njia ya kurukia. Kifaa changu kina leva mbili: ya kushoto ni ya nguvu, ya kulia niliitumia kwa mchanganyiko wa mafuta na hewa kwenye ndege ya zamani. Ardhini ndege inakimbia hata leva ya nguvu ikiwa chini kabisa, nashika breki mpaka zinapata moto. Nikizima injini, mapanga ya propela yanageuka ubavu kama yaliyovunjika. Na nikifungua safari niliyoihifadhi nikiwa hewani, geji ya tangi la kulia inasoma sifuri na skrini moja inabaki nyeusi.

Wenzangu wananiambia nifute simyuleta nzima nianze upya. Nifanye hivyo? Au nirudi tu kwenye ndege yangu ya zamani?

Rubani wa Usiku

Marahaba, Rubani wa Usiku.

Usifute simyuleta. Usisakinishe chochote tena. Umeandika kwa uangalifu kiasi kwamba karibu kila jibu limo ndani ya barua yako, na nakushukuru kwa hilo, maana wengi huniandikia "ndege mbovu" wakaishia hapo.

Nianze na injini, kwa sababu ndiyo inayokuumiza. Injini yako imeungua. Iliungua siku ile ya tatu, na ndege inakumbuka.

Stata ya PT6, mota ya kuwashia injini, haizungushi propela. Inazungusha kompresa, sehemu inayobana hewa, pamoja na turbini inayoiendesha, basi. Turbini inayozungusha propela ni nyingine, na hakuna shafti inayoziunganisha hizo mbili. Kilicho kati yao ni gesi ya moto inayopita. Ndiyo maana ukisimama mbele ya ndege halisi iliyozimwa unaweza kuzungusha propela kwa mkono na kompresa isitikisike. Kazi ya stata ni kuingiza hewa ya kutosha kabla mafuta hayajafika, na hewa hiyo haihitajiki kwa kuunguza mafuta peke yake. Sehemu kubwa yake ni ya kupoza. Hewa ikipungua, mafuta ni yale yale, moto ni ule ule, ila hakuna cha kuupunguza makali kabla haujafika kwenye mapanga ya turbini.

Chukua Cessna 208 Caravan, ndege inayotumia injini ya ukoo huu. Rubani wake hujaribu kuwasha akiwa na angalau volti 24 kwenye betri. Anashika stata, anasubiri geji iliyoandikwa Ng, yaani kasi ya kompresa, ifike angalau asilimia 12, ndipo anafungua mafuta. Baada ya hapo macho yote yako kwenye ITT, joto la gesi kati ya turbini. Wakati wa kuwasha linaruhusiwa kufika nyuzi 1,090 za Selsiasi, na kwa sekunde 2 tu. Likielekea kuzidi hapo, anakata mafuta mara moja na kuacha stata iendelee kuzungusha ili hewa ipoze.

Wewe betri yako ilikuwa imelisha taa na skrini saa nzima. Stata ikazunguka kwa uvivu, kama ulivyosema mwenyewe, na ukafungua mafuta. Sekunde kadhaa juu ya mstari mwekundu zilitosha. Kwenye ndege halisi, baada ya tukio la namna hiyo hakuna anayeruka. Injini inasubiri fundi aifungue aitazame. Walioitengeneza ndege yako waliliandika jambo hilo ndani ya programu yao kwa makusudi. Turbini iliyoungua hupoteza ufanisi, kwa hiyo inadai mafuta mengi zaidi kutoa torki ile ile, na mafuta mengi ni joto zaidi. ITT inafika kikomo kabla ya torki. Hivyo hasa ndivyo unavyoona.

Sasa kwa nini kusakinisha upya hakukusaidia. Ndege za kina kama yako huandika hali yao kila unapofunga: chaji ya betri, oili iliyobaki, uchakavu wa injini, hata swichi zilivyoachwa. Kumbukumbu hiyo mara nyingi haikai ndani ya folda ya ndege. Kwenye Microsoft Flight Simulator, kwa mfano, ndege yenyewe unaiweka kwenye folda ya Community, lakini maandishi inayojiandikia huenda kuhifadhiwa kwingine. Ulipoifuta, ulifuta ndege ukaacha historia yake. Ndege mpya ilipofika ikaisoma historia ile na kuendelea kutoka hapo, na injini yake iliyoungua.

Dawa ni ndogo. Kwenye kompyuta kibao iliyo ndani ya chumba cha rubani, au kwenye menyu ya ndege, tafuta ukurasa wa matengenezo. Utaona hali ya injini pale, na sitashangaa ikiwa imeandikwa wazi kabisa. Agiza ukarabati, chaji betri, kisha funga safari kwa utaratibu ili hali mpya iandikwe. Kama huuoni ukurasa huo, mwongozo uliokuja na ndege utakuambia faili la hali linakaa wapi. Lihamishie mahali pengine simyuleta ikiwa imefungwa, na ndege itajiandikia jipya.

Kabla ya kukarabati, lakini, tazama kitu kimoja. Ndege nyingi za PT6 zina kitenganishi kwenye njia ya hewa, mlango unaoilazimisha hewa kupinda ghafla ili barafu na mchanga, kwa uzito wake, vipitilize na kutupwa nje visiingie kwenye injini. Kikiachwa wazi, torki inapungua na ITT inakuwa juu zaidi kwa nguvu ile ile. Ni dalili inayofanana kabisa na ya injini iliyoungua, ila hii inaisha kwa kurudisha mpini mahali pake. Nimeona watu wakihangaika wiki nzima na mpini huo.

Kuna jambo jingine ulilolitaja kwa kupita, na nataka tulikalie kidogo, maana usipolirekebisha utaiunguza injini mpya pia. Umesema unasukuma leva ya nguvu hadi mwisho "kama nilivyozoea". Kwenye ndege yako ya pistoni hiyo ni sawa. PT6 nyingi za ndege za namna hii hazina kompyuta ya kukuzuia. Leva ikienda mbele, mafuta yanaingia, na injini itajitahidi kukupa hata kisichofaa kutolewa. Mlinzi ni wewe. Caravan ya nguvu farasi 675 ina vikomo vyake wakati wa kuruka: torki futi-pauni 1,865 propela ikiwa kwenye mizunguko 1,900 kwa dakika, na ITT nyuzi 805. Rubani husukuma leva hadi geji ya kwanza ifike kikomo chake, akasimama hapo, hata kama leva ina nafasi kubwa mbele yake. Siku ya baridi chini karibu na usawa wa bahari, torki ndiyo itakayokusimamisha. Siku ya joto, au juu angani ambako hewa ni nyembamba, ITT itatangulia. Vikomo vya ndege yako viko kwenye mwongozo wake. Viandike kwenye karatasi uibandike kando ya skrini mpaka vikae kichwani.

Kwa hiyo jaribio lako baada ya ukarabati lisifanyike katika hali ya hewa ya siku hiyo. Weka nyuzi 15, kanieneo ya kawaida ya hewa ya hektopaskali 1013, uwanja ulio karibu na usawa wa bahari, uzito ule ule. Soma torki na ITT, andika. Ukirudia wiki ijayo katika hali hiyo hiyo, utajua kama injini imebadilika au ni hewa tu iliyobadilika.

Leva ya mafuta inayorudi yenyewe haihusiani na hayo yote. Hapo mwenye kosa ni leva yako ya kulia. Kwenye ndege ya pistoni uliipa kazi ya mchanganyiko wa mafuta na hewa. Simyuleta nyingi hutumia mhimili huo huo kuendesha leva ya mafuta ya turbopropu. Unapoisogeza kwa kipanya, ndege inatii. Kisha kifaa chako kinatetemeka kidogo sana, pengine kwa vumbi ndani ya kipimio chake, na kinatuma habari kwamba leva iko chini. Ndege inatii tena. Chini kabisa ya leva ya mafuta ndipo palipo mkato, na injini inazima.

Usiniamini kwa maneno. Funga simyuleta, chomoa waya wa kifaa, fungua tena, washa injini ukitumia kipanya na kibodi peke yake, uiache ikiunguruma dakika 10. Leva ikitulia, umempata mkosaji. Baada ya hapo tengeneza wasifu wa vidhibiti wa ndege hii peke yake, uiondoe leva ya kulia kwenye mchanganyiko, uipe leva ya propela au uiache bila kazi, na uiweke leva ya mafuta kwenye vitufe viwili. Kagua pia vifaa vingine vilivyochomekwa, hata usukani wa gari. Baadhi ya simyuleta hukipa kila kifaa kipya mihimili bila kukuuliza, na vifaa viwili hugombea leva moja bila wewe kujua.

Kukimbia ardhini si ubovu. Injini ya turbini hata ikiwa kwenye mzunguko wa chini bado inazungusha propela yenye mapanga makubwa, na mapanga hayo yanavuta. Marubani wa kweli hawapigani na breki. Wanainua leva ya nguvu na kuivuta nyuma kidogo ya kituo cha chini, kwenye eneo liitwalo beta, ambako leva haiongozi tena mafuta kwanza bali pembe ya mapanga moja kwa moja. Mapanga yanalala, mvuto unakwisha, ndege inatembea taratibu kwa mwendo wa mtu. Ukivuta zaidi unaingia kwenye msukumo wa kurudi nyuma. Kifaa chako huenda kinasoma kuanzia sifuri hadi mia tu na hakina nafasi hiyo. Tenga sehemu ya chini ya mwendo wake kwenye mipangilio, au weka kitufe. Ila hewani usiiguse beta kabisa. Kwenye ndege hizi hairuhusiwi, na yako bila shaka itakuonyesha sababu.

Mapanga kugeuka ubavu baada ya kuzima ni sahihi. Shinikizo la oili ndilo linaloyashikilia yakiwa yamelala, na oili ikipoteza shinikizo, springi na vizani huyageuza ubavu kwa upepo. Furahi, wameiga vizuri.

Limebaki la safari iliyohifadhiwa hewani, na hili nakubaliana nawe moja kwa moja: ni kasoro ya programu. Simyuleta inahifadhi inavyovijua yenyewe, mahali, mwendo, mwinuko. Mifumo mingi ya ndege yako inaendeshwa na hesabu za ndege yenyewe, nje ya zile za simyuleta, na hizo si lazima zihifadhiwe pamoja. Ukifungua katikati ya anga, nusu ya ndege imeamka na nusu haijui iko wapi. Kwa sasa anza kila safari kwenye maegesho, injini imezimwa. Najua inauma kwa mtu mwenye muda mfupi tu kila usiku, lakini gawanya safari ndefu kwa viwanja badala ya kuikata angani.

Na waandikie watengenezaji. Usiwaandikie kwamba geji haifanyi kazi. Waambie toleo la simyuleta, toleo la ndege, ulihifadhi ukiwa mwinuko gani, ulichokiona ulipofungua, na kama inajirudia ukiziondoa ndege na mandhari nyingine zote ulizoongeza. Hilo la mwisho lijaribu kwanza: badilisha jina la folda ya nyongeza, tengeneza nyingine tupu, weka ndege hii peke yake. Wanaotumia X-Plane wana faili la Log.txt kwenye folda kuu, na huandikwa upya kila simyuleta inapowashwa, kwa hiyo linakiliwe kabla ya kufungua tena, la sivyo ushahidi umekwenda. Ripoti ya namna hiyo fundi wa programu anaweza kuifanyia kazi siku hiyo hiyo.

Umeuliza kama urudi kwenye ndege ya zamani. Irushe unapoitamani, hakuna ubaya. Lakini hii mpya usiiache, na nakusihi usizime ule mpangilio wa uharibifu, ingawa wengi watakushauri hivyo. Ulilipia ndege inayojibu unachoifanyia. Ilikujibu.

Usiku wa kesho, ukishaikarabati na kuchomoa kile kifaa, iwashe mara moja tu na uniandikie namba tatu: volti kabla ya kushika stata, Ng ulipofungua mafuta, na kilele cha ITT. Volti zikiwa chini ya 24, omba umeme wa nje kwanza, usiishike stata.

Fundi